Robert Smalls, Rubani Aliyeikomboa Nyumba Yake

Habari za vita mara nyingi husimuliwa kwa majina ya majemadari. Twasikia nani aliongoza askari elfu ngapi, na mji gani ulianguka siku gani. Katika mazungumzo haya twapenda kusimulia habari za mtu ambaye jeshi lake la kwanza lilikuwa watu 16 tu, na miongoni mwao walikuwamo mkewe na watoto wake wadogo. Jina lake ni Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa katika nchi ya Marekani mwaka 1839, akafa mwaka 1915 akiwa mtu huru, katika nyumba ile ile ambayo zamani mama yake aliitumikia kama mtumwa.

Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa ajili ya usiku mmoja wa mwaka 1862, alipoitwaa meli ya vita ya mabwana zake na kuipitisha mbele ya mizinga yao. Usiku huo tutausimulia kwa urefu, maana wastahili. Lakini twamwomba msomaji aangalie na jambo la pili, yaani sababu iliyomtia mtu huyu katika hatari ile, na kazi aliyoufanyia uhuru wake baada ya kuupata. Ushujaa wa usiku mmoja ni jambo kubwa. Lakini kuitunza nyumba kwa miaka hamsini baada ya usiku huo si jambo dogo kuliko hilo.

Nchi ya pamba

Wazee wetu wa zamani walivaa nguo iitwayo merikani. Ilipata jina hilo kwa sababu ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani, hasa zile zilizotoka bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini ya Marekani, lakini pamba yake ilitoka katika majimbo ya Kusini, na pamba ya Kusini ililimwa na watumwa weusi, ambao wengi wao asili yao ni Afrika ya Magharibi. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, na biashara ya merikani katika pwani yetu ikapungua sana. Basi mambo tutakayoyasimulia yalitendeka mbali, lakini uzito wake ulifika hata mabegani mwa watu wa huku.

Mwaka 1860 walikuwako katika Marekani watumwa wapatao milioni 4. Katika jimbo la South Carolina, ambako Smalls alizaliwa, watumwa walizidi watu huru kwa idadi. Sheria za nchi ile zilikuwa kali. Ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria. Mtoto alifuata tumbo la mama: mama akiwa mtumwa, mtoto naye alikuwa mtumwa, tena mali ya bwana wa mama yake, hata kama baba yake ni mtu wa namna gani. Msomaji ashike neno hili vizuri, maana ndilo lililomtoa Robert Smalls gatini usiku ule.

Utoto na kazi

Robert alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa bandari uitwao Beaufort. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa bwana aitwaye McKee, na mtoto alizaliwa katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana huyo. Alipendwa na bwana wake, akalelewa karibu na meza ya wakubwa. Inasimuliwa kwamba mama yake aliogopa upendeleo ule, asije mtoto akasahau yeye ni nani, hata akampeleka makusudi kuona jinsi watumwa wengine walivyopigwa na kuuzwa. Mama yule alijua kwamba mtoto asiyejua ukali wa dunia atafundishwa na dunia yenyewe.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston, bandari kubwa ya jimbo lile, akakodishwe kwa kazi. Desturi hiyo ilijulikana hata kwetu. Vibarua wa kwanza wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliokodishwa, wakagawana ujira na mabwana zao. Robert alikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli, kisha akawasha taa za njiani, kisha akaenda gatini kupakia na kupakua shehena. Ujira wake ulikwenda kwa bwana, naye alipewa dola moja kwa juma. Baadaye alijifunza kushona matanga na kufunga kamba za vyombo, na mwisho akashika usukani.

Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomfaa. Alizijua njia za maji za pwani ile kama mvuvi ajuavyo mwamba wa kwao: mafungu yaliyo wapi, maji ya kupwa hubakiza kina gani, ngome ipi yalinda mlango upi. Kazi yake hasa ilikuwa kazi ya rubani, lakini jina la rubani halikupewa mtu mweusi. Walimwita mshika usukani tu. Jina walimnyima, ila ujuzi alikuwa nao, na wala hawakufikiri kwamba ujuzi ule ungeweza siku moja kuelekezwa upande mwingine.

Ndoa na hesabu yake

Tarehe 24 Desemba 1856, Robert alipokuwa na umri wa miaka 17, alimwoa Hannah Jones, kijakazi aliyefanya kazi katika hoteli. Hannah alimzidi umri, naye alikuwa na watoto wake wa kwanza. Kwa kuwa wote wawili walikuwa watumwa wa mabwana mbalimbali, walihitaji ruhusa mbili, na ruhusa hizo zilikuwa na bei. Robert aliahidi kumlipa bwana wake dola 15 kila mwezi, na Hannah alimlipa bwana wake dola 5. Kilichobaki ndicho kilichokuwa chao. Walikaa katika chumba cha juu ya banda la farasi, wakaanza maisha.

Mwezi wa Februari 1858 walipata mtoto wa kike, wakamwita Elizabeth Lydia, na hilo jina la pili ni la nyanya yake. Hapo ndipo sheria ya tumbo la mama ilipoingia chumbani mwao. Mtoto yule hakuwa wa Robert kwa sheria, wala hakuwa wa Hannah. Alikuwa mali ya bwana wa Hannah, ambaye angeweza kumwuza siku yoyote, akipata deni au akipata mnunuzi. Robert alimwendea bwana yule akamwuliza bei ya mkewe na mtoto wake. Bei ikatajwa: dola 800.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Robert aliianza haba yake. Mbali na kazi ya bwana, alinunua vitu vidogo vidogo na kuviuza gatini, akaweka akiba. Lakini kibaba chake kilikuwa na tundu chini. Mwaka 1861 alizaliwa mtoto wa kiume, naye akaitwa Robert kama baba yake. Katika nyumba nyingine kuzaliwa kwa mtoto ni furaha tupu. Katika nyumba hii mtoto alikuja pamoja na bei yake. Kadiri nyumba ilivyoongezeka ndivyo deni lilivyoongezeka, na hapakuwa na hati yoyote iwezayo kumzuia bwana asigeuze shauri lake hata kama dola zote 800 zingepatikana. Robert aliona kwamba kwa njia ya fedha peke yake angeweza kuzeeka kabla ya kuwa baba wa watoto wake.

Vita vinaingia

Vita vilianza tarehe 12 Aprili 1861, majimbo ya Kusini yaliyoasi yalipoipiga mizinga ngome ya Fort Sumter iliyo katika mlango wa bandari ya Charleston. Mwezi wa Novemba mwaka ule manowari za Serikali ya Umoja, yaani za Kaskazini, ziliiteka bahari ya Port Royal, na mji wa Beaufort ukaangukia mikononi mwao. Mabwana walikimbia, watumwa wakabaki. Mama yake Robert alikuwa miongoni mwao. Basi mama alikuwa upande ule penye uhuru, na mwana upande huu, na kati yao bahari ambayo mwana aliijua kuliko watu wote.

Robert wakati huo alikuwa mshika usukani wa sitima iitwayo Planter. Ilikuwa meli ya magurudumu, iliyojengwa kwa kubeba pamba, lakini waasi waliikodi wakaitia mizinga, ikawa yachukua askari na silaha kutoka ngome hata ngome. Wakubwa wake walikuwa Wazungu watatu: nahodha, msaidizi wake na fundi wa mitambo. Mabaharia wengine walikuwa watumwa. Nje ya mlango wa bandari, maili chache tu, zilitia nanga manowari za Kaskazini zilizoifunga bandari ile. Kila siku Robert aliziona kwa macho.

Alianza kufanya shauri na wenzake kwa siri. Shauri lile lilikuwa la hatari, kwani kama mmoja angefungua kinywa wote wangekufa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wenzake wakakubali, wakaapa kwamba hawatakamatwa wazima, bali wakizuiliwa wataizamisha meli pamoja na nafsi zao. Robert alimweleza mkewe. Inasimuliwa kwamba Hannah alimwuliza itakuwaje wakikamatwa, naye hakumficha, akamwambia kwamba atapigwa risasi. Mwanamke akafikiri, kisha akajibu kwamba atakwenda, na mahali atakapofia mumewe naye atafia papo hapo. Twaona kwamba safari hii haikuwa ya mwanamume mmoja aliyewabeba watu wake kama mizigo. Ilikuwa safari ya nyumba iliyokubaliana.

Usiku wa tarehe 13 Mei 1862

Tarehe 12 Mei Planter ilipakia mizinga minne iliyotolewa katika ngome ya kisiwa cha Cole, pamoja na baruti na risasi, ili ipelekwe ngome nyingine. Jioni ilirudi Charleston ikafungwa gatini, mbele ya makao ya jemadari wa waasi. Amri ilikuwa kwamba wakubwa wa meli walale melini, lakini usiku ule wote watatu walishuka kwenda mjini wakawaachia watumwa meli. Hawakuwaogopa, kwa maana hawakuwahesabu.

Yapata saa tisa ya usiku mabaharia waliwasha moto wa mitambo. Robert akavaa koti la nahodha na kofia yake pana ya ukili. Wakapandisha bendera za waasi, wakafungua kamba. Walinzi wa gatini waliiona meli ikiondoka wakadhani nahodha ameamka mapema kwa kazi yake.

Na hapa twafika mahali ambapo twamwomba msomaji asimame kidogo. Njia ya kwenda baharini ilikuwa wazi mbele yao, na kila dakika ilikuwa na thamani, kwa kuwa mapambazuko yangewafichua. Lakini Robert hakuelekea baharini. Aliipeleka meli kwanza katika gati jingine, ambako Hannah, watoto na jamaa wa mabaharia wengine walikuwa wamefichwa wakingoja. Mtu atafutaye uhuru wake mwenyewe tu asingalisimama hapo. Wanawake na watoto wakapanda, wakashuka chini ya sitaha wakanyamaza. Hapo ndipo Planter ilipogeuza uso kuelekea mlango wa bandari, ikiwa na watu 16.

Ngome zilikuwa tano njiani. Kila ngome ilikuwa na ishara yake, na Robert alizijua zote, maana alizisikia zikipigwa mara nyingi akiwa kwenye usukani. Ngome iliyotisha kuliko zote ilikuwa Fort Sumter, yenye kuta ndefu na mizinga mikubwa. Waliifikia yapata saa kumi na nusu, mwanga wa alfajiri ukianza kutokea. Baadhi ya wenzake wakamsihi aipitie mbali. Yeye akakataa, kwa sababu meli iliyozoea kupita karibu ikipita mbali hutiliwa shaka. Akasimama katika chumba cha usukani, kofia imemfunika uso, mikono ameikunja kifuani kama ilivyokuwa desturi ya nahodha, akapiga mluzi wa mvuke: mirefu miwili, na mmoja mfupi. Kukawa kimya. Kisha mlinzi wa ngome akaruhusu meli ipite.

Walipokwisha kutoka katika shabaha ya mizinga, wakateremsha bendera za waasi wakapandisha shuka nyeupe ya kitandani, ambayo Hannah alikuja nayo. Manowari ya Kaskazini iitwayo Onward iliona meli ya adui yaja katika ukungu, ikawa tayari kuipiga. Mizinga ilikuwa imekwisha kuelekezwa baharia mmoja alipoiona ile shuka. Onward ikanyamaza. Planter ikasogea ubavuni mwake, Robert akavua kofia, akasalimu, akasema kwamba amewaletea mizinga ambayo zamani ilikuwa ya Serikali ya Umoja. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mkewe na watoto wake walitoka chini ya sitaha wakaona jua la siku yao ya kwanza isiyo na bei.

Rubani wa vita

Meli ile, mizinga yake na kitabu cha ishara za waasi vilikuwa vya faida kubwa. Habari alizozileta zilikuwa na faida zaidi: kwamba ngome ya kisiwa cha Cole imeachwa tupu. Kwa habari hiyo askari wa Umoja waliitwaa sehemu ile pasipo kupigana. Baraza Kuu la Marekani, liitwalo Kongresi, lilitoa sheria ya kuwapa zawadi, na Rais Abraham Lincoln akaitia sahihi tarehe 30 Mei 1862. Fungu la Robert lilikuwa dola 1,500, karibu mara mbili ya bei aliyotajiwa kwa ajili ya Hannah na Elizabeth.

Angaliweza kwenda Kaskazini na jamaa yake akakaa kwa amani. Hakufanya hivyo. Mwezi wa Agosti 1862 alikwenda Washington pamoja na kasisi mmoja kumwona Waziri wa Vita, Edwin Stanton, wakaomba watu weusi waruhusiwe kuwa askari. Wakarudi na hati yenye ruhusa ya kuandikisha watu hata 5,000. Huo ulikuwa mwanzo. Kabla ya vita kwisha watu weusi wapatao 180,000 waliitumikia Serikali ya Umoja katika jeshi la nchi kavu.

Yeye mwenyewe alirudi baharini kama rubani. Tarehe 7 Aprili 1863 aliongoza manowari ya chuma iitwayo Keokuk katika shambulio la Charleston. Manowari ile ilipigwa makombora zaidi ya 90, ikazama asubuhi ya pili. Watu wake waliokolewa, naye pamoja nao. Mwezi wa Desemba mwaka ule alikuwa tena katika Planter iliposhambuliwa kwa mizinga katika mkono mmoja wa bahari. Nahodha wake aliingiwa na hofu, akakiacha chumba cha usukani akajificha penye makaa. Robert akaushika uongozi akaitoa meli salama. Kwa ajili ya tendo hilo alifanywa nahodha wa Planter, naye akalipwa dola 150 kwa mwezi.

Mwaka huo huo wa 1863 Hannah alijifungua binti, wakamwita Sarah. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa Robert kuzaliwa huru. Lakini Robert mdogo, yule aliyevushwa usiku ule mikononi mwa mama yake, alifariki angali mtoto. Waliomwona baba akiwa na kofia ya unahodha huenda hawakujua msiba uliokuwa chini yake. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Nyumba ya Beaufort

Mwanzoni mwa mwaka 1864 Serikali iliuza mjini Beaufort nyumba za mabwana waliokimbia pasipo kulipa kodi zao. Nyumba ya McKee ilikuwamo. Robert aliinunua. Nyumba aliyozaliwa nyuma yake, akiwa mali ya mwenye nyumba, sasa ikawa yake mwenyewe. Akamweka humo mama yake Lydia, na mama akakaa mbele ya nyumba, si nyuma yake tena.

Imesimuliwa katika ukoo wake kwamba baada ya vita mke wa McKee, akiwa mzee na akili imemchoka, alirudi mlangoni akidhani yu kwake. Robert hakumfukuza. Alimkaribisha akampa chumba chake cha zamani, akatunzwa. Wengine waweza kusema kwamba kisasi kilikuwa halali yake. Lakini mtu aliyepigana ili nyumba yake isivunjwe alijua vizuri uchungu wa kuwa pasipo nyumba.

Wako waliotaka kumnyang'anya nyumba ile kwa njia ya mahakama, wakidai kwamba uuzaji wa Serikali haukuwa halali. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 ikaamuliwa kwamba Smalls ndiye mwenye haki. Hukumu ile haikumfaa yeye tu. Wengi katika nchi ile, waliokuwa watumwa, walikuwa wamenunua ardhi kwa njia iyo hiyo, nao wakapata kulala usingizi.

Kalamu baada ya usukani

Sheria ya South Carolina zamani ilikataza mtumwa kufundishwa kuandika. Robert aliongoza meli kwa kuyasoma maji, bali kitabu hakukijua. Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia itengenezwe, naye akakaa huko miezi kadhaa. Alitumia nafasi hiyo kujifunza kusoma na kuandika, akiwa mtu mzima wa miaka 25, nahodha, baba wa watoto. Wako watu ambao wakipata cheo huona haya kukaa mbele ya mwalimu. Yeye hakuona haya.

Katika mji ule ule alifukuzwa katika gari la abiria la njiani kwa sababu ya rangi yake, ingawa watu walimjua kuwa shujaa wa vita. Habari hiyo ilienea na kuwatia aibu wengi, na mwaka 1867 sheria ikatolewa kwamba magari yale yapande watu wote.

Mwaka 1868 Smalls aliketi katika mkutano ulioandika katiba mpya ya South Carolina. Jambo alilolisimamia hapo lilikuwa shule: kwamba ziwe za watoto wote, bila malipo. Alichokikosa yeye utotoni alikitaka kiwe haki ya kila mtoto. Akachaguliwa katika mabaraza ya jimbo, na mwaka 1875 akaingia Kongresi huko Washington, akachaguliwa tena mara kadhaa mpaka mwaka 1887.

Njia haikuwa nyororo. Waliokuwa mabwana zamani walirudi madarakani kwa nguvu na vitisho. Mwaka 1877 alishitakiwa kwamba alipokea rushwa, akahukumiwa. Mwaka 1879 akapewa msamaha na gavana. Mwaka 1895 mkutano mwingine uliitishwa ili kuandika katiba ya kuwaondolea watu weusi haki ya kupiga kura. Katika wajumbe wote, weusi walikuwa 6 tu, naye Smalls mmoja wao. Alisimama akasema kwamba watu wake hawahitaji utetezi wa namna ya peke yake, wanachohitaji ni nafasi sawa katika shindano la maisha. Katiba ilipopitishwa alikataa kuitia sahihi yake, ile sahihi aliyojifunza kuiandika ukubwani.

Deni la Serikali kwa askari wake

Kuna jambo moja zaidi ambalo askari wa kila nchi wataelewa. Smalls alipodai pensheni ya vita ilionekana kwamba jina lake halikuandikwa ipasavyo katika daftari la jeshi la majini. Alikuwa rubani, alikuwa nahodha, alipigwa makombora, lakini daftari halikumjua. Tena ikaonekana mwaka 1883 kwamba Planter ilipothaminiwa dola 9,000 bei ile ilikuwa ndogo mno, maana thamani yake ya haki ilizidi dola 60,000. Mwaka 1897 ndipo Kongresi ilipompa pensheni ya dola 30 kwa mwezi, na mwaka 1900 ikamwongezea malipo kwa ajili ya meli. Miaka 38 ilikuwa imepita.

Huku kwetu pia jambo hili si geni. Wapagazi wa vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam, walibeba risasi na chakula cha majeshi, na wengi wao walikufa au kurudi makwao bila kupokea ujira wao wote. Vita huisha kwa tarumbeta siku moja. Hesabu yake na wale waliovibeba huchukua miaka.

Baba wa nyumba

Hannah alifariki mwaka 1883. Baadaye, mwaka 1890, Smalls alioa tena, akamwoa Annie Wigg, aliyekuwa mwalimu wa shule, wakapata mtoto wa kiume, William Robert, mwaka 1892. Miaka mitatu tu baadaye Annie naye akafariki, na mzee akabaki kumlea mtoto. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa ushuru wa forodha katika bandari ya Beaufort, akaishi katika nyumba yake, akaziona nyuso za wajukuu zake. Alifariki mwezi wa Februari 1915, akazikwa mjini kwake. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliita manowari moja kwa jina la Robert Smalls. Lile daftari lililomkosa lilimpata hatimaye.

Sisi twaona kwamba heshima ya mtu huyu haikukaa katika kofia ya nahodha aliyoivaa usiku ule, maana kofia ile ilikuwa ya kuazima. Heshima yake ilikaa katika mambo yaliyokuwa yake kweli: mke aliyeshauriana naye kabla ya hatari, gati la pili alilolipitia ingawa wakati ulikuwa mfupi, mama aliyemrudisha mbele ya nyumba, na shule alizozitaka kwa watoto wasio wake. Wako mashujaa waliozisahau nyumba zao kwa ajili ya vita. Huyu alikwenda vitani kwa ajili ya nyumba, na vita vilipokwisha alijua pa kurudi.